Gramu Mia Nne

Gwantwa alijua kwamba mama yake Eliakim hatampenda. Alijua kwa sababu Eliakim mwenyewe alimwambia, tena si mara moja. Wiki nzima kabla ya safari ya kwenda kwao Mbozi alikuwa akimwandaa kwa upole, kama nesi anayemwandaa mtoto kwa sindano.

"Mama ni mtu wa zamani," alimwambia siku ya Jumatatu, wakiwa wamesimama mbele ya duka la vitenge la Gwantwa pale Tunduma. "Akisema hataki, huwa hataki. Usije ukalia mbele yake."

"Asitake nini, na hajaniona bado?"

"Nakuambia tu ujiandae, mpenzi."

Gwantwa akajiandaa. Alishona gauni la kitenge cha bluu, akapanga maneno ya heshima ya kumwambia mama mkwe, na Alhamisi akaenda kliniki ya presha akiomba moyoni kwamba mizani imtendee wema kidogo kabla ya Jumamosi.

Sista Ikupa alisoma namba mara mbili. "Tisini na saba nukta sita."

"Mwezi uliopita ilikuwa tisini na nane."

"Ndiyo. Umepungua gramu mia nne."

Gwantwa hakushuka kwenye mizani. Alibaki pale juu akiangalia vidole vyake vya miguu. Mwezi mzima wa chai isiyo na sukari. Mwezi mzima wa ugali ulio sawa na ngumi yake, wa kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi inayouma meno. Na alichopoteza ni nyama ambayo mwenye bucha angeifunga kwenye kipande kimoja cha gazeti.

"Shuka, mdogo wangu, ukae," Sista Ikupa alisema. "Ulipokuja hapa mara ya kwanza presha yako ilikuwa mia na themanini kwa mia na kumi. Leo ni mia na arobaini kwa themanini na nane. Ulikuwa unalala umeegemea mito mitatu. Sasa je?"

"Mmoja."

"Basi."

"Lakini Eliakim amepungua kilo ishirini na nane, Sista. Tulianza siku moja."

"Eliakim ana mwili wake. Nimekupima wewe." Akaandika kwenye kadi, akamrudishia. "Mwingine anateremka kama jiwe, mwingine kama jani. Unachotakiwa ni kutorudi juu."

Ni kweli walianza siku moja. Miezi tisa iliyopita walikaa benchi moja nje ya chumba hicho, kila mmoja ameshika kadi yake kwa aibu. Eliakim, karani katika ofisi ya wakala wa forodha, alikuwa na kilo mia na kumi na mbili. Gwantwa alikuwa na mia na nne. Eliakim alimwinamia na kumnong'oneza, "Dada, na wewe umeambiwa uache chapati?" na Gwantwa akacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Kesho yake alfajiri walianza kutembea pamoja, kutoka mtaa wa Sogea, kupanda kilima mpaka Chapwa, na kurudi. Mwanzoni hawakufika hata nusu ya njia. Walikaa juu ya mawe kando ya lami wakihema, wakitazamana, wakicheka bila pumzi. Eliakim alikuwa na macho yanayotulia juu ya mtu. Akikutazama unahisi kwamba hana haraka ya kwenda popote. Asubuhi moja ya mvua, mwezi wa pili wa mazoezi, kamba ya kiatu cha Gwantwa ilifunguka. Alijaribu kuinama, tumbo likamzuia. Eliakim alipiga magoti kwenye tope, mwili wake mzito ukitetemeka, akamfungia.

"Siku utakayoweza kuinama ukafunga kamba zako mwenyewe," alisema akiwa bado chini, "ndiyo siku nitakayopeleka barua ya posa kwenu Itumba, kule Ileje."

Mwezi wa sita wa mazoezi Gwantwa aliinama akazifunga mwenyewe, mbele yake. Akanyanyua uso, anatabasamu, anasubiri. Eliakim alikuwa amevaa spika za masikioni, anaangalia simu.

Wakati huo alikuwa ameshafika kilo tisini. Shingo ilikuwa imetokeza, mashati mapya yalimkaa vizuri, na wasichana wa ofisi za jirani walianza kumwita kwa jina. Aliweka picha mbili kwenye simu watu wazione, moja ya zamani na moja ya sasa. Ile ya zamani ilikuwa ya watu wawili, siku yao ya kwanza kufika Chapwa. Alikuwa ameikata. Pembeni kulibaki bega moja nene, la Gwantwa. Gwantwa hakuuliza. Alijiambia kwamba akipungua zaidi, naye ataingia kwenye picha.

Kwa hiyo aliposikia, "Jumamosi twende nyumbani, mama akuone," alilia kwa furaha, na hofu yote aliielekeza kwa huyo mama.

*

Waliteremka Mlowo saa nne asubuhi. Vijana wa bodaboda waliwazunguka.

"Tuchukue mbili," Eliakim alisema kabla ya mtu yeyote kusema neno. "Huyu apande peke yake. Barabara ya Igamba ina vilima."

Gwantwa alitazama kando. Pikipiki ya jirani ilikuwa inaondoka na dereva, mama, mtoto na gunia.

Nyumba ya kina Eliakim ilikuwa ya matofali ya kuchoma, katikati ya mibuni. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kwenye uwanja wa mbele kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya vichanja virefu. Mama yake alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye uso uliochomwa na jua.

"Shikamoo mama," Gwantwa alipiga goti.

"Marahaba mwanangu. Inuka. Karibu sana." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi. Gwantwa alitafuta chuki kwenye uso ule, asiione. Akadhani imefichwa.

Ndani walikuwapo baba mkubwa Osea, kaka wa marehemu baba yake Eliakim, na Frida, dada yake Eliakim, ambaye alimwita "wifi" kwa sauti ndefu huku akimpima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni na kurudi tena. Baba mkubwa alisali. Chakula kilikuwa ugali, kuku na maharage. Mama alimpakulia mgeni, akamwekea kipande cha ugali na paja la kuku.

Mkono wa Eliakim ulipita juu ya meza. Kwa kijiko alikata ugali wa Gwantwa katikati, akahamishia nusu kwenye bakuli.

"Inamtosha hiyo, mama. Huyu yuko kwenye dozi."

Frida aliziba mdomo kwa kiganja. "Dozi gani hiyo, kaka, mbona haiponyi?"

Eliakim alicheka. Hakucheka sana. Alicheka kiasi cha kuonyesha kwamba yeye yuko upande wa wanaocheka. Gwantwa aliangalia nusu ya ugali iliyobaki, akaimega, akaitafuna polepole bila kuhisi ladha, kwa sababu kuacha kula mbele ya watu wale kungekuwa vibaya zaidi. Alipoinua macho, mama yake Eliakim alikuwa anamtazama. Mama alikuwa ameacha kula.

"Binti," alisema chakula kilipokwisha, "njoo unisaidie kugeuza kahawa."

Walisimama pande mbili za kichanja, wakigeuza punje na kutoa zilizooza. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa baridi. Gwantwa alianza maneno yake aliyoyapanga.

"Mama, najua mimi si yule uliyemtarajia. Lakini nampenda Eliakim, na nitakuheshimu kama—"

"Mwanangu amekuambia nini juu yangu?"

Gwantwa aliendelea kugeuza punje.

"Sema. Sitakasirika."

"Amesema huenda usinipende."

Mama alitoa punje moja mbovu, akaitupa. "Alikuja hapa wiki mbili zilizopita, peke yake. Akaniomba kitu ambacho sijawahi kuombwa na mtoto wangu. Alisema, mama, nitakuletea msichana. Ukishamwona, mwite pembeni, umwambie ukoo umekataa. Sema kwa kuwa ni wa Ileje, sema umri wake, sema chochote. Nikamuuliza, mbona usimwambie mwenyewe? Akasema ataumia sana, afadhali aumizwe na wewe."

Mikono ya Gwantwa ilibaki juu ya kahawa.

"Sina neno na wewe," mama aliendelea, na sauti yake haikuwa na huruma nyingi. Ilikuwa ya mtu anayetua mzigo. "Leo asubuhi nilikuwa nimeamua nimsaidie. Ni mwanangu, nimemzaa. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Halafu nikauona mkono wake kwenye sahani yako. Baba yao alikuwa anafanya hivyo hivyo kwangu, na mimi nilikuwa mwembamba kama ufito. Nikashindwa."

"Amesema sababu?"

"Muulize yeye. Hiyo sibebi."

*

Eliakim alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na mashine ya kumenya kahawa, ameegemea ukuta. Alipomwona anakuja aliweka simu mfukoni, na Gwantwa akaona uso wake ukibadilika, ukivaa masikitiko mapema.

"Eliakim. Mama amekataa."

Alifumba macho kidogo. Akaja, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ni wiki nyingi tangu amshike hivyo, na mwili wa Gwantwa, bila kumwomba ruhusa, ulifurahi.

"Pole, mpenzi wangu. Nilikuambia. Unajua jinsi nilivyopambana?"

"Ulipambana?"

"Sana. Lakini mama ndiye mzazi niliyebaki naye. Siwezi kuoa bila baraka yake. Itabidi..." Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha Gwantwa. "Itabidi tukubali tu. Mungu hakupanga. Nitakukumbuka maisha yangu yote."

Gwantwa alimwacha amalize. Alimwacha amfute shavu kwa kidole gumba.

"Amekataa kunidanganya," alisema.

Kidole kilisimama. Halafu mikono ikaondoka, mmoja, na mwingine.

"Amekuambia."

"Kila kitu. Isipokuwa sababu."

Eliakim aligeukia mibuni. Alipoongea, sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayoitumia ofisini kwa madereva wenye makaratasi yasiyokamilika.

"Nilitaka usiumie."

"Sasa niumize mwenyewe. Usimtume mama yako."

"Nimekusubiri, Gwantwa. Miezi tisa nimekusubiri."

"Umesubiri nini?"

"Ubadilike. Tuliahidiana. Mimi nimefanya sehemu yangu."

"Nimepungua kilo sita na zaidi."

"Nani anaziona?"

Hakukuwa na hasira katika swali lile. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. Gwantwa alihisi gauni la bluu limembana kifuani, gauni alilolishona kwa vipimo vyake mwenyewe.

"Sijaiba mlo hata mmoja," alisema. "Unajua. Hujawahi kunigongea asubuhi ukakuta nimelala. Mwili wangu unakwenda polepole, sijui kwa nini, lakini unakwenda."

"Najua. Ungekuwa mvivu ingekuwa rahisi, ningekugombeza. Lakini unajitahidi, na bado ndivyo ulivyo." Alimtazama, na sasa alikuwa kama amefunguka, hawezi kujizuia. "Nikitembea na wewe watu wananikumbuka nilivyokuwa. Ofisini wananiuliza, yule bonge mwenzako hajambo? Nikikuangalia naona tumbo langu la zamani. Nimelikimbia lile tumbo, Gwantwa. Siwezi kulioa."

Upande wa pili wa nyumba Frida alikuwa anaosha vyombo, na sauti ya sufuria iligonga mara moja ikanyamaza, kama mtu aliyeacha kazi ili asikie.

"Ulipiga magoti kwenye tope," Gwantwa alisema. Hakujua kwa nini alichagua hilo.

"Wakati ule hakuna mwingine aliyekuwa ananiangalia."

Alilisema, akaona lilivyotua, akanyoosha mkono kama anayetaka kulirudisha. Gwantwa alirudi nyuma hatua moja.

"Twende ndani. Ukawaambie wazee wako hayo."

"Usinidhalilishe nyumbani kwetu."

"Basi nitakwenda kuaga."

Alikwenda, na Eliakim akalazimika kumfuata. Baba mkubwa Osea alikuwa bado kwenye kochi na kikombe cha chai. Gwantwa alipiga goti. "Baba mkubwa, naomba ruhusa niondoke. Asanteni kwa chakula."

Mzee alishangaa. "Mbona mapema? Hatujazungumza. Eliakim, si ulisema leo kuna mazungumzo ya kutuma mshenga Itumba?"

Eliakim alitazama sakafu. "Hayapo tena, baba mkubwa."

"Kwa nini? Ana kosa gani?"

"Hana kosa."

"Basi kuna nini?"

Mama alisimama mlangoni, Frida nyuma yake na mikono yenye povu.

"Hapungui," Eliakim alisema.

Mzee alitega sikio. "Hapungui nini?"

"Mwili, baba mkubwa."

Mzee Osea aliweka kikombe chini. Alimtazama Eliakim, akamtazama Gwantwa, kisha Eliakim tena, akingoja sehemu iliyobaki ya maelezo. Haikuja. "Na hilo ndilo umetuitia watu?" aliuliza mwishowe, lakini alikuwa anamuuliza mtu ambaye alishatoka nje.

Mama hakumsindikiza Gwantwa. Ukweli alikuwa ameshausema. Alirudi upande wa mwanaye, kama mama anavyorudi. Gwantwa alitembea peke yake mpaka alipopata pikipiki. Dereva alimbeba bila neno, yeye na ndoo mbili za maparachichi.

*

Mlowo alikaa kwenye kibanda cha chipsi. Aliagiza chipsi mayai, akala. Akaagiza nyingine. Hakuonja utamu wowote, alikula kama anayejaza shimo. Hapo ndipo mama yake alipopiga simu kutoka Itumba.

"Wamesemaje huko?"

"Hakuna posa, mama."

"Ni mwili?"

"Ndiyo."

"Nilikuambia tangu una miaka kumi na minane. Sasa una thelathini, nani atakayekutaka?"

"Ndiyo, mama."

"Usinijibu ndiyo. Nimeshawaambia majirani, kina Tulinagwe, wajiandae kupokea wageni. Nitawaambia nini?"

Gwantwa alisukuma sahani pembeni. Akasikiliza mpaka mama yake alipochoka, akakata simu, akaenda kusubiri gari la Tunduma.

Jumapili hakwenda kanisani. Alimaliza mkate mzima kitandani, na siagi, akiwa amefunga pazia. Alifikiria gramu zake mia nne. Zilikuwa zimesharudi, bila shaka, na ndugu zake. Alifikiria miezi tisa mingine ya namna ile, kwa ajili ya nani? Hakuwepo mtu wa kumsubiri barabarani. Hakuwepo hata mtu wa kumwonyesha. Akaapa kwamba imetosha.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri macho yakafunguka yenyewe. Alilala akitazama dari. Alijaribu kulala tena, akaona sura ya Eliakim anayelia machozi ya kweli huku akidanganya, akageuka upande wa pili, akaiona tena. Mwishowe aliinuka. Hakuwa na nguvu wala nia. Kulala macho wazi kulimuuma kuliko kutembea, na miguu ilikuwa imeshazoea. Alivaa viatu, akatoka.

Foleni ya malori ilikuwa ndefu, imetoka mpakani inapita Sogea na kuendelea. Madereva wengine walikuwa wanapiga mswaki kando ya matairi. Gwantwa alitembea kando yao, mkate wa jana umemkaa tumboni kama tofali, kifua kinawaka. Kila hatua alijiambia atageuka kwenye lori lijalo.

Alimwona kabla hajamwona yeye. Eliakim alikuwa anarudi kutoka Chapwa, anakimbia sasa, hatembei, shati limelowa, amependeza. Moyo wa Gwantwa uliruka kwa furaha ile ile ya zamani, na alijichukia kwa hilo.

Eliakim alipunguza mwendo, akasimama, akatoa spika moja sikioni.

"Nilidhani utaacha," alisema.

"Hata mimi."

Eliakim alitazama nyuma, akatazama mbele, kule ofisi za mawakala zinakoanza.

"Gwantwa, nisamehe kwa nilivyosema. Lakini nina ombi moja." Aliongea kwa upole ule ule wa wiki iliyopita. "Ungetafuta njia nyingine ya mazoezi. Kule Majengo ni pazuri tu. Hapa watu wanatujua. Wakikuona kila siku wataendelea kuuliza."

Gwantwa alidhani kwamba alishapigwa pote, hakuna pa kupiga tena. Kumbe palikuwepo. Alisubiri maumivu yapite. Hayakupita, akaongea yakiwemo.

"Barabara hii imetoka Dar es Salaam, Eliakim, inakwenda mpaka Zambia. Malori yote haya yanaenea. Hata mimi nitaenea."

"Sikumaanisha hivyo."

"Pita. Utachelewa kazini."

Alisimama kidogo, kama anayetafuta neno la kuondokea akiwa mtu mwema. Hakulipata. Akarudisha spika sikioni, akakimbia.

Gwantwa aliendelea mbele. Alilia, na kwa kuwa huwezi kulia na kupanda kilima kwa wakati mmoja bila kukosa pumzi, ilibidi achague, akachagua kilima. Alifika Chapwa jua limechomoza. Alisimama pale muda mfupi, mikono kiunoni, kisha akageuka, maana duka lilitakiwa kufunguliwa saa mbili.